Mikono ya Timazi

Mafundi wenzake walimwita Timazi, na sababu haikuwa siri. Hakuamini ukuta wowote mpaka ateremshe timazi yake, kamba yenye kipande cha chuma mwishoni, afumbe jicho moja, asubiri chuma kitulie. Wengine walipima haraka haraka wakaendelea na kazi. Yeye alisubiri. Miaka thelathini alijenga hivyo, na miaka thelathini simenti ilimla mikono polepole, kama panya anavyokula gunia: leo huoni, kesho huoni, siku unapoliinua, nafaka yote inamwagika chini.

Viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli, na kwenye vidole kulikuwa na nyufa zilizozama mpaka kwenye nyama. Mkewe, aliyekuwa mpishi wa shule, alimkataza kugusa mashuka mapya maana alikuwa anayavuta nyuzi. Timazi alicheka tu. Wenzangu wametundika vyeti ukutani, alikuwa akisema, mimi changu natembea nacho.

Kisha binti yao akaja kukaa nyumbani baada ya kujifungua, na mtoto wa miezi mitano, mnene, asiyeonekana shingo. Alasiri moja Timazi alimpokea mjukuu, mtoto akiwa kifua wazi, akampitishia kiganja mgongoni kumbembeleza. Mtoto akajikunja, akaangua kilio. Walipomgeuza waliona mikwaruzo mitatu myekundu kwenye ngozi ile laini.

“Si kitu, Baba,” binti yake akasema. “Nipe tu mimi nimnyamazishe.”

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma. Tangu siku hiyo, Timazi alimbeba mjukuu wake akiwa amezungushiwa blanketi tu, kama mtu anayeipua sufuria ya moto.

Mwezi uleule mvua zikaanza. Mvua zikishika, ujenzi hulala. Msimamizi wa kazi alifunika mchanga kwa maturubai, akawaambia mafundi wakae makwao mpaka atakapowaita. Basi Timazi akakaa. Hakuwahi kuijua nyumba yake mchana. Mkewe alikuwa shuleni, binti na mtoto wamelala, bati linavuma juu kwa sauti moja isiyo na mwanzo wala mwisho, na mwanga wa dirishani ulikuwa wa kijivu, mtulivu, kama mwanga wa chini ya maji. Alitembea chumba hadi chumba bila viatu. Alishangaa kuona kwamba ukuta wa jikoni, alioujenga mwenyewe, ulikuwa na kona ambayo hajawahi kuiangalia tangu aipige lipu.

Hapo jikoni alifungua chupa ya mafuta ya nazi, bila sababu ya maana. Harufu ikamchukua. Alikuwa tena na miaka sita, nyayo zake zimelala juu ya paja la mama yake, na mama anapasha mafuta kwenye kijiko juu ya makaa, anampaka taratibu kidole kimoja kimoja, huku akizungumza na mtu mwingine habari za watu wazima. Hakukumbuka neno hata moja la mazungumzo yale. Alikumbuka joto tu, na usingizi ukija kutokea miguuni. Alisimama na chupa mkononi mpaka mvua ilipobadili sauti.

Kesho yake akachukua mwavuli, akaenda sokoni kwa mama mmoja anayeuza mafuta ya kila aina, yamepangwa kwenye chupa kama wanafunzi mstarini.

“Nataka mafuta ya mikono,” akasema.

“Ya mama nyumbani?”

“Yangu.”

Akanyoosha viganja. Muuza mafuta hakucheka. Alivishika, akavigeuza na kuvitazama kama mtu anayekagua kitambaa kabla ya kukinunua.

“Mafuta peke yake hayatakusaidia, mzee wangu. Yataingia, yatatoka. Unataka kitu cha kukaa juu kifunge mlango.” Akamkatia kipande cha nta ya nyuki, cha manjano, kinachonukia asali na moshi kidogo. “Sehemu moja nta, sehemu nne mafuta. Weka bakuli ndani ya sufuria ya maji, uyeyushie humo. Usibandike bakuli motoni lenyewe.”

“Moja kwa nne,” Timazi akarudia, akatabasamu. Maneno hayo alikuwa ameyasema maisha yake yote, ila juu ya simenti na mchanga.

Na mazoea yana taabu. Alipofika jikoni, akawaza kwamba nta ikizidi kazi itakuwa imara zaidi, akaongeza kipande, kisha kingine. Mchanganyiko ukapoa ukawa mgumu kama jiwe. Mkewe aliporudi akaugonga kwa kucha.

“Umeme ukikatika tutauwasha kama mshumaa,” akasema.

Timazi akauyeyusha upya, akaongeza mafuta kidogo kidogo, kila mara akidondosha tone kwenye kijiko baridi aone linavyoganda. Safari hii akauacha ulipokuwa laini kama siagi. Jioni ile alijipaka mikono yote miwili, akavaa soksi juu yake ili asichafue shuka, akapanda kitandani.

Mkewe akazitazama soksi. “Baba watoto, nikushike mkono au mguu?”

Walicheka mpaka binti yao akauliza kutoka chumba cha pili kuna nini.

Wiki ya kwanza haikuleta kitu. Wiki ya pili nyufa zikaanza kuziba kutoka ndani. Ya tatu, binti yake alimaliza kumwogesha mtoto, akamkausha, akamlaza mapajani mwa babu yake bila blanketi, akamsogezea chupa ya mafuta ya nazi. “Mpake wewe, Baba. Mimi naanika nguo.” Timazi alipasha mafuta viganjani, akaanza na miguu. Mtoto aliangalia dari, akavuta pumzi ndefu kama mtu mzima aliyetua mzigo, macho yakaanza kuwa mazito. Nje mvua ilikuwa imeanza tena kunyesha juu ya nguo ambazo binti alikuwa ameshaanza kuzianika, na hakuna aliyejali.

Hapo ndipo watu wa nyumbani walidhani Timazi ameshapata alichotaka. Lakini mvua ilikuwa bado haijaisha, na siku zake zilikuwa tupu na ndefu. Isitoshe, alikuwa ameng'amua kwamba kila anaponawa kwa sabuni ya kufulia pale bombani, mikono inamkakamaa upya. Akarudi kwa muuza mafuta.

“Sabuni nayo hutengenezwa?”

“Kwani nyumba hujengwa?” mama yule akamjibu, akamwambia aje Jumamosi, nyuma ya duka, na aje na miwani yake ya kazini.

Jumamosi ile walikaa barazani, penye hewa. Alimfundisha kupima kila kitu kwenye mizani, hata maji, maana sabuni haisamehe makadirio ya jicho. Alimvisha glavu. Kisha akamwaga kostiki, magadi makali ya kutengenezea sabuni, taratibu ndani ya maji, na maji yakafuka moshi bila moto wowote.

“Kostiki ndiyo inaingia kwenye maji,” akasema. “Kamwe usimwage maji kwenye kostiki, itakurukia usoni. Na nyumbani kuna mtoto, kwa hiyo iwe inakaa juu na kufungiwa.”

Walisubiri ipoe, wakaichanganya na mafuta, Timazi akashika mwiko. Alikoroga, akakoroga. Uji ulikuwa mwepesi kama maziwa, halafu bila yeye kuona ni lini, ukawa mzito kiasi kwamba tone likidondoka linaacha alama juu yake, alama inayokaa kidogo kisha inazama, kama jina unalolikumbuka ukiwa karibu kulala.

“Hapo hapo,” mama akasema. “Mimina.”

Kisanduku cha kumiminia alikiunda Timazi mwenyewe kwa mabanzi, pembe zake zimenyooka kuliko zilivyohitajika.

“Naogea lini?”

“Wiki nne. Ukiweza sita.” Alisubiri alalamike, maana kila mwanafunzi wake hulalamika hapo. Timazi akaitikia kwa kichwa tu. Zege nalo huachwa siku ishirini na nane, na yeye alikuwa amezeeka akigombana na wenye nyumba wanaotaka kupanda juu ya zege bichi.

Chumba cha nyuma kilichokuwa cha makopo ya rangi na majembe, kikawa cha sabuni. Akapiga rafu tatu ukutani, juu, mbali na mikono midogo. Akatengeneza mara ya pili, ya tatu. Vipande vilipangwa kwenye karatasi, vyeupe na vya rangi ya maziwa, na mchana wa mvua Timazi alikuwa akiingia, anavigeuza kimoja kimoja, anakaa kwenye kigoda, hafanyi kitu. Mara nyingi alisinzia humo. Siku moja aliota anajenga ukuta wa matofali meupe yasiyo na uzito, na mvua ikaanza, na ukuta ukawa unayeyuka kuwa povu linaloteremka barabarani, watu wakatoka milangoni wakajipaka usoni wakicheka. Katika ndoto ile hakusikitikia ukuta. Aliendelea kupanga matofali, na mvua ikaendelea kuyashusha.

Si kila kitu kilimwendea vizuri. Alipata mafuta ya karafuu, akayapenda, akayamwaga kwenye kopo la mafuta ya mgando kwa mkono wa furaha. Mkewe akajipaka shingoni kabla ya kwenda kazini. Akarudi adhuhuri, shingo nyekundu, mdomo kaubana.

“Niambie ukweli. Umenipaka mafuta au pilipili?”

Timazi alimwosha shingo mwenyewe kwa maji baridi, akamuomba radhi, akatupa kopo lote. Muuza mafuta aliposikia akamwambia tone moja huwa linatosha, na kitu kipya hujaribiwa ndani ya kiwiko, siku nzima, kwa mwenye kukitengeneza kwanza. Tangu hapo viwiko vyake vilikuwa na harufu tofauti tofauti, na mkewe akawa anavinusa kabla ya kukubali chochote.

Jua lilirudi. Msimamizi akawaita. Timazi alipanda jukwaani na kopo dogo mfukoni, na wakati wa mapumziko akanawa kwa kipande chake cha sabuni, akajipaka. Wenzake walimtazama kama mtu aliyetoa kioo na kitana. Wa kwanza kusema alikuwa fundi mmoja waliyemwita Kipaza, kwa sababu sauti yake ilifika kabla yake.

“Jamani, bibi harusi wetu! Mpisheni asije akakwaruzika!”

Wiki nzima ikawa ni bibi harusi hivi, bibi harusi vile. Timazi alijibu kidogo, akateremsha kamba yake, akasubiri chuma kitulie. Kisha siku moja wakati wengine wanakula, Kipaza alimfuata nyuma ya tangi la maji. Kwa mara ya kwanza aliongea taratibu.

“Kile kikopo chako,” akasema. “Kinafanya kazi kweli?”

Timazi alinyoosha mikono. Alimwonyesha viganja.

Kipaza akavua kiatu. Kisigino chake kilikuwa kimepasuka vibaya, na soksi ilikuwa imegandana na damu kavu. “Mke wangu ananiambia nisimguse na miguu hii,” akasema, akiangalia pembeni. “Sasa imepita miezi.”

Timazi akapiga goti, akakipaka kisigino kile mwenyewe, taratibu, akampa na kopo zima. Baada ya hapo Kipaza ndiye aliyetangaza, na akitangaza yeye hakuna asiyesikia, na kila fundi akaja kwa wakati wake, nyuma ya tangi lile lile.

Miaka mitatu baadaye magoti yalimkatalia kupanda majukwaa, naye hakubishana nayo sana. Muuza mafuta alikuwa ameshamtengea sehemu ya rafu dukani kwake. Asubuhi Timazi anakoroga, mchana anakata, mkewe akirudi kutoka shuleni anafunga kwa karatasi huku wakisimuliana siku ilivyokwenda.

Juzi alijaribu unga wa mkaa uliosagwa laini. Alitaka sabuni nyeusi, lakini mwiko ulikwenda upande mmoja zaidi ya mwingine, na alipofungua kisanduku alikuta mawimbi ya kijivu yamepita kwenye weupe, yamekunjana, yamefunguka, yametandaa mpaka ukingoni kama anga kabla ya mawingu kuamua yaelekee wapi. Alimwita mkewe. Wakainama juu yake wote wawili. Timazi alikuwa tayari na waya wa kukatia mkononi.

“Usiikate,” mkewe akasema.

“Lini, basi?”

“Sijui. Keshokutwa.”

Akaweka waya chini, akavuta kigoda cha pili, wakakaa wakiitazama.