Huku Ni Wapi?

Mimi ni mwepesi wa hasira, nalijua hilo. Hapa Kamembe walionizoea hunisalimia kwanza, halafu wanasubiri waone uso umeitikiaje kabla ya kuleta shida yao. Kwa hiyo mkisikia kwamba siku moja nilimfokea mume wangu kwa simu, mbele ya wateja, kwa sababu ya neno moja la herufi nne, msishangae. Mimi ndiye ninayeshangaa hadi leo, maana neno lile lilinipata mahali ambapo sikujua pana kidonda.

Mume wangu yuko Bukavu, ng'ambo ya mto, upande wa Kongo. Watu wa mbali wakisikia hivyo hunipa pole kana kwamba amevuka bahari, kumbe nikianika nguo uani kwangu naona mabati ya kwao, na mvua ikianza kwao naiona ikija. Ningependa angekuwa mbali kweli. Aliye mbali unamlilia, unachoka, unalala. Huyu wangu ukaribu wake wenyewe ndio unaonitesa, maana kila asubuhi nachungulia ng'ambo kama mjinga, utadhani nitamwona amesimama mlangoni na mswaki mdomoni.

Alikwenda kumuuguza mama yake. Mama mkwe alianguka, nyonga ikakataa kupona, na watoto wake wengine wametawanyika. Nilimwambia mume wangu amlete hapa, nitamwogesha kwa mikono yangu, wallahi sikusema kwa kujipendekeza. Mama alikataa. Alisema hawezi kuvuka mto akiwa amebebwa kama gunia la muhogo, atabaki kwenye nyumba aliyozalia. Basi mume wangu akafunga begi dogo, akasema anakwenda kwa majuma machache. Begi lile ni dogo hata leo, ila suruali za watoto alizoziacha zikiburura chini sasa zinaishia juu ya vifundo vya miguu.

Huko nyuma alishaniuliza, kwa upole wake ule unaoniudhi, kama sisi tungeweza kuhamia kwao. Sikumjibu. Nilisema tutaona, na tangu hapo kila mmoja wetu akawa anaona peke yake.

Sasa niwaeleze kazi yetu, maana ugomvi ulitokea humo. Tunatengeneza kifaa cha kulinda friji, redio na televisheni umeme unaporuka. Kwa nje ni kiboksi tu chenye soketi. Ndani yake kuna kibao cha kijani chenye njia nyembamba za shaba, na juu yake vipuri vimelehemiwa. Kibao ni kile kile kwa wateja wote. Lakini umeme wa Kamembe si umeme wa Bukavu. Wa kwetu una adabu zake, ukikatika unarudi kwa hodi. Wa ng'ambo unaweza kutoweka tangu alfajiri, halafu urudi na hasira zangu mimi. Kwa hiyo kifaa cha Bukavu kinafungwa fyuzi nzito na vidude viwili vya buluu, vya mviringo kama maharage, vinavyomeza umeme ukizidi. Cha Kamembe kina kidude kimoja na fyuzi ndogo, na pale pa kidude cha pili panabaki matundu matupu.

Mwanzoni tulikuwa na michoro miwili kwenye kompyuta, mmoja nakala ya mwingine, na ilitutoa jasho. Nikisahihisha kosa kwenye mmoja, mwingine unabaki na kosa lake, nami nimesahau. Baadaye tukajifunza kwamba programu ya kuchorea inakubali mchoro mmoja uwe na matoleo kadhaa. Unachora mara moja tu. Kisha kuna jedwali: kila kipuri kina mstari wake, kila toleo lina safu yake, na pale zinapokutana unaiambia programu kipuri hiki kiko, hiki hakiko, au hiki kibadilishwe na kikubwa zaidi. Ukibonyeza, kila toleo linatoa orodha yake ya vipuri, na mtu wa kulehemu anaifuata hiyo hiyo bila kuuliza maswali.

Jedwali la kwanza tulilijaza pamoja, kwenye kompyuta moja, mabega yamegusana kwa sababu meza ni ndogo. Yeye anasoma mstari, mimi naweka alama.

"Fyuzi kubwa, toleo la Kamembe?"

"Haiko."

"Kidude cha pili?"

"Hakiko."

"Asiyekuwepo na lake halipo," anasema, halafu anapuliza hewa puani, ndiyo kicheko chake. Aliisema methali ile kila tulipofika kwenye tundu tupu, na matundu matupu hayakuwa machache. Nilimwambia Papa batoto, wewe na methali yako mtanitia wazimu. Leo ningekaa kwenye kile kiti kuanzia adhuhuri mpaka magharibi nikimsikiliza aiseme tena na tena, na nisingenung'unika. Nimemkosa mume wangu, basi. Nimeikosa hata ile harufu ya risasi ya kulehemia kwenye shati lake, ambayo nilikuwa nikimfukuzia uani.

Alipokwisha kuondoka, programu ikabadilishwa, jedwali la zamani likagoma kufunguka, ikanibidi nilijenge upya peke yangu. Wakati huo yeye alikuwa anatumia mchoro ule ule kupitia intaneti, kila mmoja kwenye kompyuta yake, ng'ambo mbili za mto. Programu ikaniuliza majina ya matoleo. Nilikuwa nimechoka, watoto wanadai chakula, mteja wa mashine ya kukoboa mpunga kutoka Muganza amesimama mlangoni anakohoa kikohozi cha kuniharakisha. Nikaandika toleo la kwanza HUKU, la pili KULE. Jamani, ni nani asiyejua huku ni wapi? Nikafunga kompyuta nikaenda kupika.

Baada ya siku kadhaa nilifungua jedwali nikakuta vidude viwili vya buluu na fyuzi nzito chini ya HUKU. Nikasonya. Nikasema huyu bwana uuguzi umemchosha, amechanganya safu. Nikarudisha. Kesho yake nikakuta vimegeuzwa tena. Nikarudisha tena, safari hii kwa kubamiza vitufe. Sikumpigia. Nilimhurumia, nikajiambia mwanaume anayekesha na mgonjwa hasemwi kwa sababu ya fyuzi. Kumbe naye ng'ambo ya pili alikuwa ananihurumia mimi, anasema maskini mke wangu, batoto wamemchosha, anachanganya safu. Tukawa tunahurumiana hivyo, huku tunaharibiana kazi.

Siku ya kutoa orodha sikulitazama jedwali. Nilibonyeza tu, nisijue safu zimegeuzwa tena. Orodha ya HUKU nikaifungia vifaa vya Kamembe, ya KULE nikaifungia vya Bukavu, na hivi vya Bukavu nikavipanga kwenye katoni, nikamtumia akauze. Naye kwa kumpenda mama yake akakifunga cha kwanza kabisa kwenye televisheni ya mama.

Umeme ulirudi na hasira zake. Televisheni ikatoa moshi mama akiwa anaitazama. Mtu wa nyonga mbovu, mnajua, hawezi kukimbia, kwa hiyo alikimbia kwa mdomo. Niliisikia sauti yake nyuma ya simu mume wangu aliponipigia: "Yule wa kule amenitumia moto kwenye katoni!"

"Maman batoto," mume wangu akasema, "juu ya nini umenitumia vifaa vya kwenu?"

"Vya kwetu vipi? Nimekutumia vya Kule!"

"Sasa? Miye nilihitaji vya Huku!"

"Vya Huku ni vya hapa!"

"Hapa wapi?"

"Huku!"

"Mbona miye ndiye niko huku!"

Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo mteja mmoja aliamua kwenda kununua muda wa maongezi ili asiyasikie. Nilimuuliza tangu lini Bukavu ikawa huku, na kama amesahau kwamba huku ni nyumbani kwake, kwenye kitanda chake na watoto wake. Halafu akasema taratibu, "Lakini, Maman, muntu anaita huku pale alipo."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Ni kweli, na mtoto wa chekechea anajua. Ila mimi siku zote hizo nilikuwa nasema mume wangu yuko kule, nikidhani hata yeye moyoni anasema yuko kule. Nilidhani anaamka kila siku akiwa mgeni. Kumbe asubuhi moja ambayo sikuambiwa, aliamka akaita pale huku, na mimi na watoto wake na meza yetu ndogo tukawa kule. Iliniuma kuliko kama ningesikia ana mke mwingine, maana mke mwingine ningemwendea nikamvuta kilemba.

Jumamosi jirani yao alikubali kukaa na mgonjwa, mume wangu akavuka daraja na katoni begani. Watoto walimparamia. Nilikuwa nimejiapiza nitanuna mpaka adhuhuri, lakini alivua viatu pale mlangoni, akavipanga kimoja juu ya kingine kama kawaida yake, na mnuno ukaniishia palepale. Nikamkaangia sambaza, dagaa wa ziwa letu, tukala, halafu tukaketi mezani. Mabega yaligusana. Meza haijakua.

Tulifungua vifaa kimoja kimoja. Niliyeyusha risasi nikainyonya kwa bomba lake, yeye akachomoa vidude vya buluu kwenye vile vya kwangu na kuvipachika kwenye vile vya kwake. Vifaa vilipokwisha, tukafungua jedwali.

"Majina tubadilishe," akasema. "Andika Kamembe. Andika Bukavu. Mji hauhami."

Nikaandika. Programu ikabadilisha kila mahali kwa mara moja, kwenye mchoro, kwenye jedwali, kwenye orodha zote mbili, utadhani HUKU haikuwahi kuandikwa. Nikaona angalau hilo limekwisha.

Yeye hakuondoa macho kwenye kioo cha kompyuta. "Unajua," akasema, "siku ile nilipofungua mara ya kwanza nikaona umeandika Huku, nilifurahi."

"Ulifurahia nini?"

"Nilizania umenijibu."

Sikuelewa.

"Nilizania umeandika kwa upande wangu. Nikasema, Maman ameanza kuita Bukavu huku, basi amekubali kuja. Vipuri tu ndivyo alivyokosea. Nikavipanga vizuri. Kila ulipovirudisha nikawa navipanga tena. Nilifanya kazi ile na furaha kabisa." Akapuliza hewa puani, lakini safari hii hakikuwa kicheko. "Hata mama nilimwambia. Alinituma nipake rangi kile chumba cha nyuma."

Yaani yule mama aliyeniita wa kule alikuwa ameshanipakia rangi chumba. Nilitazama mikono ya mume wangu, nikaona kwenye kingo za kucha rangi ya kijani ambayo tangu asubuhi nilidhani ni uchafu wa vibao. Nilitaka kumwambia kwamba shule ya watoto iko hapa, karakana iko hapa, wateja wa Muganza na Nyakabuye hawatavuka mpaka kunifuata, na kwamba mpaka wenyewe siku hizi hauaminiki, leo wazi, kesho hujui. Yote ni kweli na yote anayajua. Na mimi najua kwamba mwanamke mwenye nyonga iliyovunjika hawezi kulala peke yake. Ningekuwa mimi ndiye mama, ningetaka mwanangu awe kama yeye. Namtaka arudi. Namtaka arudi hata kama hana haki ya kurudi, na hilo sina wa kumwambia.

Saa ya kwenda ikafika, maana ilimlazimu kuvuka kabla ya jirani kuchoka. Alivaa viatu, akainua katoni, watoto wakamshika suruali. Pale mlangoni akanigeukia akaniambia njoo kwa Kiswahili cha kwao, kile cha kuombea, si cha kuamuru:

"Kuya huku, Maman. Kuya na batoto."

Na mimi kinywa kilikuwa kimeshafunguka kumjibu, na neno lililokuwa tayari ulimini lilikuwa lile lile: kuya huku. Kuya weye huku, Papa. Nilimwona analisubiri. Nilimwona pia anajua kwamba nikilisema, hatakuwa na la kujibu.

Nikamwambia amsalimie mama, na rangi ya kile chumba ikikauka afungue madirisha, harufu itoke.