Swichi ya Mstari wa Juu

Mimi nichekeni tu, lakini Bi Mwanahawa msimcheke.

Mradi wetu wa mihogo ulikuwa na kompyuta mbili, moja Kibaha kwangu, nyingine Kisarawe kwake. Programu niliandika moja, ila kila mashine ilikuwa na swichi zake, yaani maneno katika faili la maagizo ya kuiambia kompaila, ile inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine, iitengeneze vipi. Swichi ya majaribio ilikuwa ya Kibaha peke yake, maana ilichapa utani wangu, hasa kuhusu Bi Mwanahawa, aliyekuwa akipiga chapa polepole. Mimi mjuaji nikaiweka mstari wa juu wa faili hilo, ule unaotawala mashine zote mbili, nikapeleka diski Kisarawe kifua mbele.

Siku ya uzinduzi printa ikakwaruza mbele ya wakulima wote. Bi Mwanahawa akaisogeza karatasi hadi puani, kisha akampa Ndugu Katibu wa mradi, naye akasoma kwa sauti: “Subirini, bibi kipofu anatafuta herufi.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Bi Mwanahawa akatoka, nami nikamfuata nje.

“Nisamehe, mama. Nilikuwa natania tu.”

“Nani alikwambia, mwanangu?” akauliza taratibu. “Hata mume wangu sijamwambia.”