Kaka Aliyeazima Ulimi

Fundi wa sare za shule alikuwa na kaka mmoja tu duniani, na siku hizi hata huyo mmoja alimwona wa ziada.

Mama yao aliteleza akianika nguo, akavunjika nyonga. Daktari akasema wiki sita asisimame bila kushikwa. Fundi akamtandikia kitanda chumbani kwake, kati ya cherehani na marobota ya kitambaa cha buluu, akamwandikia kaka yake, mchora mabango: "Njoo asubuhi tumnyanyue mama. Mgongo wangu umekwisha."

Jibu likaja refu kama risala. "Dada yangu mpendwa, ninathamini hisia zako. Hata hivyo, ni muhimu tuwekeane mipaka yenye afya."

Fundi akacheka kwa pua. Huyu ndiye aliyeandika KINYOZI SAVI badala ya SAFI kwenye ukuta wa watu, hadi akaamriwa aupake upya. Leo mipaka yenye afya! Alishajua: bwana mkubwa alikuwa akiiachia akili mnemba ya kwenye simu imjibie.

"Andika mwenyewe," akamwambia.

"Ninasikia kwamba umeumia," simu ikajibu.

Wiki nzima ikawa hivyo. Yeye anakunja pindo, simu inalia, hoja tatu zenye namba hizo. Siku ya nane kaka akavuka kiwango. Aliilisha mashine mabishano yao iamue nani ana haki, kisha hukumu akaibwaga kwenye kundi la familia: kaka ameonyesha ukomavu, dada anatumia "ulazimishaji wa kihisia". Ule ujumbe wa dada kuhusu mgongo alikuwa ameukata kabla ya kuilisha mashine. Shangazi yao, bila hata kuuliza, akaweka kidole gumba.

Fundi akamwachia jirani mama, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mabango. Alimkuta kaka yake amekalia kopo la rangi, brashi imekauka, kidole kiko kwenye simu.

"Ulazimishaji wa kihisia ndio nini?"

"Ni ile… ile hali ya…" Jicho likateleza kuelekea kwenye simu.

"Usiangalie huko. Niangalie mimi."

Mteja aliyekuja kuchukua bango lake akajifanya analisoma.

"Naogopa," kaka akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nikimshika akalia, nitafanyaje?"

Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli kwa siku nane.

"Si ungeandika hivyo? Kumbe unaweza kuongea!"

Alikuja kesho yake, na keshokutwa. Alishika miguu uso umegeukia ukutani, kama anayebeba mzigo unaonuka. Siku ya tatu ukaingia ujumbe wa hoja tano.

Fundi hakuufungua. Alimwita jirani, wakamnyanyua mama, mmoja huku mmoja kule.

"Kaka yako yuko wapi?" mama akauliza.

"Anaandikiwa," fundi akasema, akamwekea mto mgongoni.