Mbuzi wa Faini Kule Chalbi

Baridi hatuifuati, inatufuata yenyewe. Mwezi wa Julai ukungu ukishuka kutoka mlimani, hapa kwetu karibu na Karatina, unaweza kumaliza wiki bila kuona kivuli chako. Kwa hiyo wanangu waliposema tutaenda kulala kwenye hema jangwani, niliwauliza kama nyumba niliyowajengea imebomoka.

"Baba, hiyo ni likizo," akasema kifunguamimba wangu, binti ambaye ni nesi mjini Nyeri. "Vijana wataendesha pikipiki kwa mchanga. Wewe na Mama mtapumzika."

Kupumzika! Neno hilo liliingia nyumbani kwangu kama panya, na mpaka leo sijui lilipitia tundu gani. Mimi niliacha shule darasa la tatu. Nilibeba kabeji za watu sokoni kwa mgongo, halafu kwa baiskeli, halafu kwa pikipiki, mpaka nikanunua lori. Siku hizo zote hakuna mtu aliyeniambia nipumzike. Nywele zilipokuwa nyeupe ndipo kila mtu akaanza kuniletea kiti.

Shida yao kubwa ilikuwa pikipiki yangu. Hiyo ndiyo niliyopanda nayo mpaka Kangari na Kiriaini kutafuta viazi, barabara zikiwa matope matupu, na mpaka leo naipanda. Binti yangu alitaka iuzwe. Alinisumbua mpaka jioni moja, tukiwa mezani, nikatoa neno mbele ya wote: siku nitakayoanguka nishindwe kuiinua peke yangu, achukue ufunguo, na mimi sitafungua mdomo.

"Umesema, Baba," akaniambia. "Sote tumesikia."

Nilisema kwa sababu nilijua naweza kuiinua. Kesho yake wale vijana wangu wawili walipokuwa wakipakia pikipiki zao kwenye pikapu, nikaleta yangu.

"Mzee, hii ya kwako si ya mchanga," mkubwa akasema.

"Hata nyinyi si wa mchanga. Pakieni."

Tukapita Nanyuki, tukapita Isiolo, tukapanda Marsabit, halafu tukateremka mpaka jangwa la Chalbi. Nchi ile imelala wazi mpaka macho yanachoka. Hakuna kilima, hakuna shamba la chai, hakuna ua wa jirani. Tulikuwa tumevaa makoti mazito ya Nyeri, na mchana tukaiva ndani yake. Jua lilipoanza kushuka upepo ukatupiga, tukaona hata makoti hayo hayatoshi. Mke wangu alikuwa amebeba gunia la viazi kutoka nyumbani, akaketi nyuma ya pikapu akivimenya kana kwamba yuko jikoni kwake.

Siku ya pili vijana wakawasha, wakaondoka wakitimua vumbi. Nikawasha na mimi.

Sasa nitaeleza jinsi nilivyoanguka, kwa sababu hadithi yao si ya kweli. Wao wanasema ni uzee. Sisi wa milimani tumefunzwa na matope. Matope yakikushika, unapunguza mwendo, unashusha miguu yote miwili, unapapasa taratibu mpaka utoke. Miguu yangu imefanya hivyo maisha yote na haiombi ruhusa. Nilipoingia kwenye mchanga laini, ikashuka yenyewe, nami nikapunguza mwendo. Mchanga hautaki hivyo, mchanga unataka ukimbie. Gurudumu la mbele likazama, na mimi nikapita juu ya usukani.

Sikuumia. Niliona vijana wanageuza wanakuja mbio.

"Mtu asiniguse!"

Nikashika usukani, nikavuta. Nikageuka, nikaipa mgongo, nikachuchumaa, nikasukuma kwa mapaja kama mtu anayeinua gunia. Ilipanda kidogo, halafu miguu yangu ikazama mchangani, pikipiki ikalala tena. Nilijaribu mpaka jasho likaniingia machoni. Watoto wangu wote watatu walikuwa wamesimama pale wakinitazama, na hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Mke wangu akaja na kisu cha viazi mkononi. Akakichomeka mchangani, akashika chuma cha nyuma.

"Haya, mzee. Pamoja."

Ikasimama. Kabla sijapumua, binti yangu akanyoosha mkono akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa jaketi yake.

"Hiyo haihesabiki, Baba. Ulisema peke yako."

Nikamtazama mke wangu.

"Ni kweli ulisema peke yako," akasema, akachukua kisu chake akarudi kwa viazi. Mwanamke huyo atakushika mkono usianguke, halafu atoe ushahidi dhidi yako.

Nikamwambia binti yangu, "Nirudishie ufunguo."

"Ulitoa neno, Baba."

"Nimelivunja."

Hakuna mtu wa nyumba yangu aliyewahi kunisikia nikisema hivyo. Lakini nilikuwa najua ninalofanya. Kwetu mzee akivunja neno lake anatozwa mbuzi. Mbuzi anachinjwa, waliokosewa wanakula, na wakishakula hakuna tena wa kulifufua jambo hilo. Wakikataa kula, jambo bado liko hai.

"Nitalipa faini," nikasema. "Mtakula, na ufunguo utarudi kwangu."

"Ati faini! Baba, mtu hutozwa na wazee. Hajitozi mwenyewe."

"Na huku wazee ni akina nani? Si ni mimi?"

Nikaondoka kwa miguu. Mbali kidogo kulikuwa na mzee wa kule akichunga, amejifunga kitambaa kichwani, mkavu kama fimbo yake. Tukasalimiana kwa Kiswahili, chake kikichechemea na changu pia. Nikamwambia nataka kununua mbuzi, akaniuliza ni wa nini.

"Nimevunja neno mbele ya watoto."

Akanitazama kutoka viatu mpaka kofia. "Kwetu mzee akivunja neno, mbuzi ni mdogo. Ni ngamia."

"Basi nashukuru nimezaliwa Nyeri."

Akacheka mpaka akaegemea fimbo, na bei akanipa ya mtu na rika lake.

Tulichinja jua likiwa bado juu. Vijana wakachoma, upepo ukitia mchanga kwenye nyama bila aibu. Figo nikazikata mwenyewe nikazitia kwenye sahani, kwa sababu kwetu figo ni za binti. Nikampelekea. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha turubai, mikono ameikunja.

"Sili."

"Ni haki yako."

"Baba, keti kwanza." Nikabaki nimesimama. Akasema, "Mimi ndiye ninayewaosha wazee wa rika lako kule wodini. Wamevunjika nyonga, wanalia kama watoto. Kila wakimleta mwingine kwa machela, kabla sijafunua shuka, naomba isiwe sura yako."

Sikuwa nimelijua hilo. Lilinichoma, siwezi kusema halikunichoma. Lakini nilimjibu.

"Hao wote walianguka na pikipiki?"

"Wengine."

"Na wengine?"

"Bafuni. Wengine kitandani."

"Basi mimi utaletewa nikiwa na vumbi. Nilitoa neno lile kwa hasira, ili mnyamaze, na leo nimelilipia. Siuzi kitu nilichonunua kwa mgongo wangu ili wewe ulale vizuri. Ukitaka kuogopa, ogopa, wewe ni mtoto wangu na una haki. Lakini uoga wako usinikalishe mimi kwenye kiti."

Vijana walikuwa wameacha kutafuna. Mke wangu akasema kutoka kwa moto, bila kugeuka, "Figo zikipoa zinakuwa mpira. Kama ni kula, ule."

Binti yangu akaivuta sahani. Akachukua moja, akaiuma, akatafuna. Nilisikia mchanga ukilia menoni mwake.

"Ina mchanga."

"Kula."

Akala na ya pili. Halafu akainuka, akapanguza mikono kwenye suruali, akaenda mpaka kwenye pikipiki yangu akauchomeka ufunguo mwenyewe. Alikuwa analia, na alikuwa na hasira, sijui kipi kilizidi.

"Miguu juu, Baba. Miguu juu, na usipunguze mwendo."

Nikawasha. Nikaenda na miguu juu, upepo ukinipiga kifuani, na kwa kitambo nilikwenda vizuri kuliko vijana. Halafu mchanga ukanishika tena na miguu ikashuka, nikaanguka ubavu.

Nikiwa bado chini nikaona vijana wameanza kuja mbio. Binti yangu akawapigia kelele, na upepo ukaniletea sauti yake.

"Mwacheni!"

Wakasimama. Nikatema mchanga, nikapiga magoti, nikaanza kulifukua gurudumu kwa mikono.