Aliyebeba Beseni la Bwana Mkubwa

Nilikuwa karani na mkalimani katika ofisi ya serikali Bwera, mpakani na Wakongo, miaka michache kabla ya uhuru. Bwana Mkubwa wetu alikuwa Mwingereza aliyekwisha kutawala watu katika makoloni matatu, na kote huko hakujifunza lugha hata moja. Kwetu alikaa miaka minne akijua kusema "upesi" na "maji moto". Hata hivyo alijiita mtaalamu wa watu wa milimani.

Alipenda maua. Kila msimu wa kiangazi alipanda milima ya Rwenzori kuyachuma, akayakausha katikati ya kurasa za kitabu kinene. Wapagazi walimbebea hema, meza, viti, na beseni la turubai la kuogea, maana Bwana Mkubwa hakuweza kulala bila kuoga, hata kule kwenye barafu.

Safari moja aliyebeba beseni hakurudi. Alikuwa mkulima wa kahawa wa Kyarumba, mtu mzima mwenye watoto. Wapagazi wengine walikuwa Wakongo, wakalipwa wakaenda zao ng'ambo ya mpaka. Bwana Mkubwa akaniambia niandike kwamba mpagazi mmoja ameteleza. Kisha akaniagiza karatasi za kukaushia maua.

Mke wa marehemu alishuka kwa miguu kutoka Kyarumba. Alisimama mbele ya meza, akasema nami kwa Lhukonzo, lugha yetu ya milimani.

"Mwambie sikuja kumshitaki. Nataka kujua mume wangu amelala wapi, niende nikamwombee."

Nilitafsiri. Bwana Mkubwa akajibu bila kuinua kichwa kwamba jambo hilo linashughulikiwa.

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Linashughulikiwa," nikasema.

Alirudi mara nyingi, nami kila mara nilimpa neno hilohilo. Nilikuwa na kaptula iliyopigwa pasi na kalamu mfukoni, nikajiona mtu. Nikikumbuka leo najidharau kuliko ninavyomdharau yule mzungu, kwa sababu yeye angalau hakuelewa machozi yale yalisema nini.

Uhuru ulipokuja, Bwana Mkubwa alituhutubia, akasema anatuachia moyo wake. Alichoacha ni meza. Vingine vyote alivifunga kwenye masanduku, maua yakiwa ya kwanza.

Aliyemrithi alikuwa mweusi mwenzetu, kijana aliyepelekwa ng'ambo kusomea utawala. Tulimpokea kwa ngoma. Mwezi haukuisha, akaanza kunywa chai saa ileile ya mzungu na kuagiza wazee wasubiri nje juani. Mama wa Kyarumba alipokuja, nilitumaini kidogo. Kijana alifungua faili, akalifunga, akasema kwa Kiingereza kwamba jambo linashughulikiwa. Kiswahili alikijua vizuri sana.

Baadaye nilihamishiwa Kasese, na enzi za utawala wa wanajeshi zikanikuta huko. Ndipo nikapokea barua kutoka Uingereza. Bwana Mkubwa, sasa mstaafu, alikuwa anaandika kitabu juu ya maisha yake ya utumishi. Aliniomba nimkumbushe jina la ua fulani jeupe, na jina la ziwa dogo lililokuwa karibu nalo. Kurasa mbili nzima, na hakuna mahali alipomtaja mtu aliyekufa. Sikumjibu. Lakini ile barua ilinichoma, nikaanza kwenda Bwera kila siku ya soko, nikiwauliza Wakongo wenye umri wa kutosha kama waliwahi kupanda mlima na mzungu wa maua.

Ilichukua miezi. Mwishowe nikampata muuza maharage mmoja, mtu wa mbali kupita Butembo, asiyejua Lhukonzo.

"Ule mutu mwenye kubeba beseni?" akasema. "Tulimuzika sisi benyewe. Muzungu alikuwa anaweka maua mu kitabu. Alisema tufanye mbio, mvua inakuja."

"Unaweza kupaonyesha?"

"Naweza. Kuko mawe mbili kubwa pale, tulimuweka katikati. Tulisali Baba Yetu, tukafunga shimo."

Nikamchukua hadi Kyarumba. Mama alikuwa amezeeka, magoti yake hayakuweza tena njia za mlimani. Alimkalisha mgeni, akampa chakula kwanza, ndipo akamwambia aeleze. Nikatafsiri neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza.

"Mlimfunika na nini?" akauliza.

"Na blangeti yangu, mama."

Kisha akamwita binti yake mkubwa na mumewe, akawaambia wajiandae kwenda na mgeni alfajiri. Walikaa siku sita huko juu. Waliporudi walimweleza mama kwamba wameona yale mawe mawili, wamepalilia, wamesimika msalaba wa mti.

Sikuwa nimeombwa kukaa siku hizo zote, lakini nilikaa. Nilipofika tena kazini Kasese, afande mmoja aliniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa nashughulikia jambo la serikali. Akaniamuru nirudi mezani kwangu, nikarudi.