Mwanaiddi na Sanduku la Wasafiri

Mwanaiddi wa soko la samaki Majengo alikuwa na sauti ya kumfanya mtu anayeshuka basi pale stendi ya Mpanda ajue bei ya samaki wa migebuka kabla hajapokea begi lake. Baba yake alikuwa Mmanyema aliyefuata biashara ya chumvi, mama yake Mkonongo, na mwenyewe alikuwa akisema amerithi mdomo kwa wote wawili, ndiyo maana umezidi kipimo. Miaka mingi alipanda Fuso kila Alhamisi kwenda Karema, kule ziwani, akarudi Jumatatu na matenga ya dagaa, kichwa kimejaa vumbi. Kisha goti la kushoto likagoma. Akabaki mezani Majengo, akinunua mzigo kwa wanaosafiri, na maneno aliyokuwa akiyagawa sehemu mbili yakawa yanamalizikia mjini yote.

Mwaka huo aligombea uenyekiti wa umoja wa wachuuzi wa samaki. Mpinzani wake alikuwa mmoja tu, Kasilda, Mfipa mrefu mwenye uso wa upole na bei zisizopungua. Meza zao zilitazamana. Mchana walinyang'anyana wateja, jioni wakaazimana chumvi. Kasilda bado alikuwa msafiri, na wasafiri wenzake walimpenda, kwa sababu mvua ikiwakwamisha njiani yeye ndiye aliyekuwa akipika uji kando ya gari.

Uchaguzi ulikuwa ufanyike Jumapili. Jumapili wasafiri huwa Karema, wakisubiri mzigo ukauke. Tangu umoja uanze, wamekuwa wakiwekewa sanduku lao asubuhi ya safari. Wanatumbukiza kura, wanapanda gari, na kura zao zinahesabiwa Jumapili pamoja na za wengine. Safari hii katibu wa umoja, Sospeter, akasimama katikati ya soko na kutangaza kwamba sanduku la wasafiri halitakuwepo.

"Anayetaka kupiga kura abaki," alisema. "Ziwa halihami."

Baada ya hapo akaja kwa Mwanaiddi, akaegemea meza, akashusha sauti. "Dada, umeona kazi yangu? Watu wa Kasilda wote ni wasafiri. Wewe Jumapili unavaa tu kitenge kizuri, unakuja kuapishwa."

Mwanaiddi alifurahi. Hilo lisifichwe. Alifurahi mpaka akamwongezea mteja dagaa bila kuombwa, jambo ambalo soko zima lililiona na kulishangaa. Nyumbani alimsimulia mumewe Mikidadi, fundi cherehani, mtu wa maneno machache.

Mikidadi akatoa pini mdomoni. "Kwa hiyo utamshinda Kasilda yeye hayupo?"

"Hayupo ndiyo raha yake."

"Na akirudi Jumatatu, utamtambia nini?"

Mikidadi akarudisha pini mdomoni na kuendelea kukanyaga cherehani.

Asubuhi yake, Mwanaiddi hajafunua hata turubai, Kasilda alikuwa amesimama mbele ya meza yake, mikono kiunoni. "Mama Sabrina, kama unaniogopa ungeniambia. Ningekupunguzia ukali."

"Nani? Mimi nikuogope wewe?"

"Sanduku letu liko wapi?"

"Mama Upendo, nisikilize vizuri," Mwanaiddi alisema, na sauti ikaanza kupanda kuelekea stendi. "Mimi nimeipanda ile Fuso ukiwa bado unauza nyanya. Nimepiga kura kwenye sanduku hilo goti likiwa zima. Nitakushinda, lakini nitakushinda upo! Twende kwa Sospeter."

Wakaenda, na nyuma yao wakafuata wanawake wa dagaa, wauza samaki wa kuhe, na wengine ambao hawakujua kinachoendelea ila waliona si vizuri kukosa. Sospeter alikuwa kwenye kibanda cha umoja anakunywa chai. Alipowaona wagombea wawili wamekuja bega kwa bega, akaweka kikombe chini.

"Sanduku lenyewe lilioza," alisema.

"Tutaleta lingine," Mwanaiddi akajibu.

"Halina kufuli."

"Litakuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja kwake, mmoja kwangu."

"Nani atalilinda? Mnajua kura ni kitu cha kulindwa."

"Litakaa dukani kwa Dulla, katikati ya misumari. Nani ataacha misumari aibe karatasi zilizokunjwa?"

Watu wakacheka. Sospeter akasema hayo hayawezi kuamuliwa na watu wawili, lazima wanachama wakae. Nadhani alitegemea kwamba kukaa kutachukua wiki. Mwanaiddi akageuka, akawatazama waliojaa mlangoni, akasema, "Wanachama, nyie si mko hapa? Haya, kaeni." Wakakaa palepale, wengine juu ya ndoo, wengine juu ya matenga. Sospeter akalazimika kufungua kikao.

Katibu alijitetea kwa nguvu. Alisema sanduku linachelewesha mambo, kura zilizolala huwa hazina baraka, na mwisho, kwa uchungu wa kweli, akasema, "Jamani, huyu ninampigania yeye! Mmewahi kuona mgombea anatafuta wa kumwangusha?"

"Leo umemwona," alisema Kasilda.

Mikono ikanyooshwa. Waliokataa walikuwa Sospeter na mzee mmoja aliyekuwa akijikuna, ambaye baadaye aliapa kwamba hakuwa amekataa chochote.

Sanduku likapatikana. Ilikuwa ndoo ya rangi yenye mfuniko, Lyamba fundi bati akaitoboa juu tundu la kupitisha karatasi na kuitia komeo mbili zenye kufuli. Haikuwa na sura ya kitu cha serikali, ila ilifungika. Ikawekwa mezani kwa Dulla, yeye mwenyewe akikaa pembeni na nyundo, kwa sababu, alisema, huwezi kujua.

Alhamisi asubuhi wasafiri wakapanga mstari. Mmoja alitumbukiza kura na kuomba arudishiwe aitazame tena, akafukuzwa kwa vicheko. Fuso ilikuwa imeshajaa, na dereva Japhet, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona anasubiri, akaanza kupiga honi.

"Kasilda yuko wapi?" mtu akauliza.

Kasilda hakuwepo. Alikuwa amekwenda mashine kusaga unga wa safari, umeme ukakatika unga ukiwa nusu. Japhet akawasha gari. "Mimi namwacha. Ziwa linanisubiri mimi, si yeye."

Hapo Mwanaiddi akachukua kigoda chake cha mezani, akatembea nacho polepole kwa ajili ya goti, akakiweka mbele ya Fuso, akakaa. Akavuta kitenge kikafunika miguu. Akatoa na sahani ya mihogo.

"Mama, toka!" Japhet alipiga kelele dirishani.

"Nakula."

"Nitakukanyaga mimi!"

"Nikanyage. Lakini goti la kushoto liachie, limeshafanya kazi yake."

Abiria juu ya gari walicheka mpaka tenga moja likadondoka. Japhet akashuka, akasimama mbele yake, akajaribu kumtisha, akajaribu kumbembeleza, akamwita shangazi. Mwanaiddi akamkaribisha muhogo. Baada ya kuutazama muhogo huo kwa muda, Japhet akachuchumaa na kula.

Kasilda alitokea akikimbia, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Aliingia moja kwa moja kwa Dulla, akaandika kura yake akiwa amegeuka ukutani, akaikunja, akaitumbukiza. Alipotoka alimkuta Mwanaiddi bado kakaa barabarani.

"Umenipigia mimi?"

"Unaota," Kasilda alisema, akamshika mkono kumsaidia kuinuka.

Jumapili waliobaki mjini walipiga kura, na hesabu ikafanyika hadharani. Kura za mjini zilipoisha, Mwanaiddi alikuwa mbele, na Sospeter akaanza kutabasamu tena. Kisha ufunguo wa Mwanaiddi na ufunguo wa Kasilda, aliomwachia dada yake, zikafungua ndoo. Karatasi zilitoka zikinuka rangi na dagaa. Kasilda. Kasilda. Mwanaiddi. Kasilda. Ilipofika ya mwisho, Kasilda alikuwa amemzidi kwa kura nne.

Sospeter akakaa chini, akashika kichwa. "Nilikwambia, dada," alisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Si nilikwambia?"

Mwanaiddi alisema tu, "Zimehesabiwa vizuri," akafunika meza yake mapema. Nyumbani alilia kidogo ndani ya kitenge, akasema ni vitunguu, ingawa siku hiyo hakukuwa na vitunguu nyumbani. Mikidadi alimpakulia ugali. Akala sahani mbili, na kwenye ya pili akaanza kucheka, kwa sababu alimkumbuka Japhet amechuchumaa na muhogo.

Jumatatu Fuso ilipoingia, wasafiri, waliokwisha kupata habari kwa simu, walishuka wakipiga vigelegele. Kasilda, kichwa chekundu kwa vumbi, alivuka njia mpaka kwenye meza ya Mwanaiddi. Kwa mara ya kwanza hakujua pa kuweka mikono yake.

"Mama Sabrina," alianza.

"Mwenyekiti," Mwanaiddi akamkatiza, na stendi nzima ikasikia, "hongera sana. Sasa kaa hapa nikueleze. Mfereji wa maji machafu umeziba tangu mwezi uliopita, choo cha wanawake mlango hauna bawaba, na wewe unacheka nini? Nimekaa siku nzima nakungoja nikudai!"

Kasilda akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa.