Atieno wa Saa Tano Asubuhi

Kaka yangu Dishon alikuwa na mwandiko mzuri kuliko karani yeyote wa Seme, na aliyeieneza sifa hiyo ni mimi. Pale Dunga ninapouza samaki, mama akitoa kadi ya kliniki ya mwanawe kwenye mkoba, nilikuwa naidaka na kuwaonyesha wenzangu. "Tazameni hiyo A. Mkono wa ndugu yangu huo!" Siku hizi nikiona kadi ya kliniki, nainamia samaki wangu.

Kwa miaka thelathini na moja Dishon aliandika kitabu cha uzazi katika kituo kimoja cha afya cha serikali, upande wa Kombewa. Kwetu Wajaluo mtoto huja na jina lake. Wa usiku ni Atieno, wa asubuhi ni Akinyi, wa jua kali ni Achieng. Mapacha wakija, wa kwanza ni Apiyo na wa pili ni Adongo. Dishon hakuandika jina kabla ya kuuliza saa. Kuna mama mmoja alitaka bintiye wa adhuhuri aitwe Atieno, si kwa kumrithisha nyanya yake, ila kwa vile jina lilimpendeza tu. Dishon aliweka kalamu chini.

"Mama, unataka mtoto aanze maisha na uongo?"

Kisa hicho nimekisimulia mara nyingi kuliko yeye mwenyewe.

Alipostaafu, simu yake ilinyamaza. Mtu aliyezoea kuamkiwa na kila mama sokoni akabaki kuamkiwa na kuku wake. Ndipo Mathews, mwenye kliniki ya uzazi iitwayo Nyar-Nam, alipomfuata nyumbani akampa meza, kiti cha kuzunguka na cheo cha "Daktari". Kaka yangu si daktari hata wa ng'ombe, lakini alianza kubeba faili hadi kanisani. Nilimcheka, na nikajivuna pia. Nasema hivyo kwa sababu aibu hii si yake peke yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bima ya serikali huilipa kliniki kwa kila mama anayejifungua pale. Mathews alianza kudai malipo ya akina mama ambao hawakujifungua kwake wala popote. Kila dai lilihitaji namba sita za siri zinazoingia kwenye simu ya mama, na wengi walizitoa wakiambiwa ni usajili mpya. Mathews alijaza saa za kuzaliwa kwenye kompyuta. Dishon aliwapa majina watoto hao hewa. Tumezoea kusikia wafanyakazi hewa. Watoto hewa nimewajua kwa sababu ya ndugu yangu. Mathews alimwambia kwamba serikali inachelewesha malipo, kwamba bila hivyo kliniki itafungwa na akina mama watataabika. Mzee aliyekuwa akiwafundisha wenzake ukweli akayameza maneno hayo bila kutafuna.

Mwezi wa tatu mwaka jana akina mama wa kudanganywa wakaadimika. Dishon akampigia simu binti yake wa pekee, Elsie, aliyeolewa Usenge, ambako huanika na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani.

"Kuna namba sita zimeingia kwa simu yako. Nisomee, nataka kurekebisha kadi yako ya bima."

"Sawa, Baba. Asante kunikumbuka."

Elsie alikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa bila mtoto. Mimba tatu zilikuwa zimetoka. Mumewe hakumfukuza, lakini midomo ya watu haina mlango, na Elsie alikuwa ameacha kwenda kwenye sherehe za ubatizo. Huyo ndiye ambaye baba yake alimwandikia mtoto. Akampa mtoto huyo jina la marehemu mama yetu, Atieno. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema mkono ulijiendea tu. Nadhani alitaka kuwa na mjukuu, japo kwenye karatasi. Namwelewa, lakini sijamsamehe.

Asichokijua ni kwamba siku ile ya simu Elsie alikuwa na mimba ya miezi miwili. Hakuwa amemwambia mtu, kwa hofu ya kuipoteza.

Mwezi wa nane nilimsindikiza Elsie hadi hospitali kubwa ya mjini. Presha yake ilikuwa juu, na daktari alikuwa amesema hatazaa bila kupasuliwa. Karani wa pale alitazama kompyuta, akatazama tumbo, akarudi kwenye kompyuta.

"Mama, hapa inasema ulizaa mwezi wa tatu. Mtoto msichana. Sasa hii tumbo ni ya nini?"

Elsie alinigeukia. Mimi humwita mwanangu, naye huniita Waya, yaani shangazi.

"Waya, wanasema nini? Mimi nimezaa?"

Watu kwenye foleni walisikia. Mmoja alicheka. Bima ikafungwa hadi uchunguzi uishe, na Elsie, ambaye hajawahi kupunja mtu hata kibaba cha omena, akaandikwa mshukiwa. Bila bima hakukuwa na upasuaji, na bila upasuaji tungeweza kumpoteza yeye au mtoto, au wote wawili.

Juma lililofuata tuliitwa ofisini kwa mkaguzi wa bima, mama mmoja Mwislamu aitwaye Zamzam, aliyekulia Kaloleni, mtaa wa mjini kwetu, na anayesema Dholuo safi kuliko wanangu. Dishon naye aliitwa. Alikuja na suti yake ya kanisani. Elsie alipomwona mlangoni, uso ulimkunjuka.

"Afadhali. Baba amekuja, atawaeleza."

Zamzam alimwuliza Elsie kama ndiye aliyetoa zile namba za siri.

"Nilimsomea Baba. Alisema ni ya kadi."

"Mzee, ni kweli?"

Dishon alitazama viatu vyake. Nilidhani anatafuta maneno ya kumwokoa mwanawe.

"Mimi kazi yangu ni majina tu. Namba alitoa mwenyewe. Muulizeni yeye."

Kwa Dholuo aibu ni wichkuot, kuvimba kichwa. Kichwa changu kilivimba siku hiyo hadi nikaona meza mbili. Elsie hakulia. Aliweka mikono juu ya tumbo na kuendelea kumtazama baba yake.

Zamzam alitoa karatasi.

"Hawa ni watoto arobaini wa Nyar-Nam. Wote wamezaliwa kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Hakuna wa usiku, hakuna wa Jumapili. Lakini tisa wanaitwa Atieno. Mmoja ningesema amerithi jina ya nyanya yake. Tisa, Mzee? Na huyu Apiyo, Adongo wake alienda wapi?"

Siku za mwizi ni arobaini, na watoto wake pia walitimia arobaini. Dishon, aliyemkatalia mama wa watu jina la uongo, alisomewa majina yake moja moja kama mtoto wa shule aliyekosa hesabu.

"Majina ameandika mtu anayejua majina," Zamzam alisema. "Saa ameandika mwingine. Huyu msichana hajaandika yoyote."

Mvuliwa nguo huchutama. Dishon alieleza yote, tangu kile kiti cha kuzunguka, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilitamani sakafu ipasuke, na nilitamani immeze yeye kwanza.

Elsie aliuliza swali moja tu.

"Huyo mtoto uliniandikia, anaitwa nani?"

"Atieno."

"Wa saa ngapi?"

"Saa tano asubuhi."

"Nilikusomea hizo namba kwa sababu ni wewe, Baba," alisema, kisha akaniomba nimshike mkono ainuke.

Bima ilifunguliwa. Nyar-Nam ilifungwa, na kesi ya Mathews na ya ndugu yangu bado iko mahakamani. Mwezi wa kumi Elsie alipasuliwa salama, akapata msichana.

Dishon alikuja wodini alasiri, bila suti, akasimama karibu na mlango hadi nilipomwonyesha kiti. Hakukaa. Alimtazama mtoto kwa muda, na mazoea ya miaka thelathini na moja yakamtoka kinywani.

"Amekuja saa ngapi?"

"Saa tisa usiku," Elsie alijibu.

Machozi yalimlengalenga. Alisogea hatua moja.

"Basi ni Atieno! Mama yetu amerudi."

"Atieno alishazaliwa, Baba. Mwezi wa tatu, saa tano asubuhi. Si uliandika wewe?" Elsie alimfunika mtoto vizuri. "Huyu ni Akinyi."

"Akinyi wa usiku? Elsie, watu watauliza."

"Wacha waulize. Nitawaambia waende kwa babu yake."

Dishon aliondoka bila kumbeba mtoto, na hakuna aliyemwita arudi.

Akinyi sasa ana meno mawili. Elsie akija kunitembelea, wanawake wa Dunga hupenda kumpakata, na wakishasikia jina huniuliza alizaliwa saa ngapi. Huwa najibu, "Asubuhi," kisha naendelea kupara samaki.